Boti ya Shemeji Barabarani

Dada yangu mkubwa alitukataza kulia. Mumewe alikuwa amepotelea baharini, boti imerudi yeye hajarudi, na wanawake wa mtaa wetu wa Albert Park, hapa Durban, walipopanda ngazi za gorofa kuja kutoa pole, leso tayari mikononi, yaya alisimama mlangoni akawaambia: "Asiyeweza kufunga mdomo ashuke." Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, wala si mlezi wa watoto wa watu. Wengine walinuna. Mmoja alisema huyu mama ana roho ngumu, au labda alikuwa na ugomvi na bwana yake. Nikamwambia arudie nimsikie vizuri. Hakurudia.

Roho ya yaya haikuwa ngumu. Sisi ni watu wa Uvira, kule Congo, watu wa ziwa, na ukoo wetu una neno lake kwa mtu aliyepotelea majini asionekane mwili. Kwanza, matanga hayaanzi. Chombo alichoondoka nacho lazima kiletwe mpaka mlangoni kwake, maana huko majini yeye bado amekaa ndani yake, hajui kwamba safari imekwisha. Mnamtandikia mkeka, mnamwekea nguo aliyoizoea, mnamwambia kila kona mnayokata ili asipotee. Hamgeuki nyuma. Na mtu yeyote njiani akiuliza mmembeba nani, hamumkani, kwa sababu mtu akikanwa anashuka hapo hapo. Mkifika mlangoni, mkewe anamwambia, "Shuka, tumefika." Akishashuka, ndipo mke anakuwa mjane, na ndipo kilio kinapigwa. Ukilia kabla, unamfukuza arudi majini.

Huko Uvira ni jambo la asubuhi moja. Wanaume wanaubeba mtumbwi mabegani, wanapanda nao kutoka ufukweni, basi. Lakini shemeji yangu hakufia kwenye mtumbwi. Alifia kwenye boti ya starehe, ya injini mbili, inayokokotwa na gari juu ya trela, huko pwani ya kusini ya Durban, katika miaka ile ya tisini iliyokuwa inaishilia. Alikuwa msaidizi wa mzungu mmoja mstaafu ambaye kuvua kwake ni mchezo. Samaki mwenyewe anamvuta nusu saa, anapigwa naye picha, kisha anampa mtu. Siku hiyo walikuwa wanatoka kwenye mdomo wa mto, wimbi likawapindua. Mzungu alitolewa. Boti ilitolewa. Shemeji alitafutwa mpaka watu wa kutafuta wakaacha.

Yaya akakaa chini kwenye godoro na donge kooni. Nasema donge, siongezi chumvi. Uji ulikuwa haupiti. Maji yalikuwa yanapita kwa kijiko. Kliniki walimmulika koo wakasema hawaoni kitu, apumzike. Mimi nilikuwa nikitoka saluni jioni, mikono inanuka mafuta ya nywele, namkuta pale pale nilipomwacha, macho makavu, shingo imevimba. Mchungaji wetu alikuja, mtu mzuri, akasema tufanye ibada ya kumbukumbu, na hayo mambo ya kutembeza chombo tuyaache huko Ziwa Tanganyika. Yaya alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, mchungaji." Alipotoka tu, akanigeukia.

"Mdogo wangu, nani hapa iko na gari ya kuvuta?"

Niliogopa sana usiku ule. Kilio kikikaa ndani kinaoza, mama yetu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa namwona dada yangu anaoza akiwa hai.

Mwenye gari ya kuvuta alikuwa jirani wa gorofa ya chini, baba wa Lubumbashi, mwenye pikapu ya kuhamishia watu vyombo. Papa huyu, kwetu Wakongo papa ni baba, si samaki, alikuwa mwema kama mkate, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, aliogopa sheria kuliko alivyomwogopa Mungu. Karatasi yake ya ukimbizi aliitembeza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Nilipomweleza, alifikiri kidogo akasema atatusaidia, bure kabisa, ila kwanza aulize sheria ya kuvuta boti. "Loi ni loi, mama. Sheria ni sheria. Batatukamata."

Laiti asingeuliza! Alikwenda kwenye dirisha la leseni za magari, dada mmoja pale akamwambia trela ni gari, lazima iwe na namba yake na karatasi yake, na ikiwa nzito iwe na breki zake yenyewe. Nzito kiasi gani? Inategemea. Inategemea na nini? Na gari inayovuta. Dirisha la pili wakamwambia hapana, breki zinategemea trela, siyo gari. Askari wa barabarani aliyesimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa, akamwambia breki si hoja, hoja ni kibao cha mistari nyuma na kitambaa chekundu kwenye kitu chochote kinachojitokeza. Shemeji yake papa, aliyeko Johannesburg, akasema kwenye simu kwamba huko kwao ni taa, na kwamba kila jimbo lina yake, halafu zote zinabadilishwa, kuna sheria ya zamani inayokufa na mpya ambayo haijazaliwa. Mwingine akasema boti ikiwa na kitu ndani, hata kamba, inakuwa mzigo, si boti tena, na leseni yake ni nyingine. Mwingine akasema usivute Jumapili. Neno moja tu wote walikubaliana, na papa alilirudia mpaka akawa analiota: ni marufuku kumbeba mtu ndani ya boti iliyo juu ya trela. Marufuku kabisa.

"Sasa papa," nikamwambia, "hatubebi mtu."

Alinitazama. "Mama, ulisema tunabeba bwana ya dada yako."

Kwa mara ya kwanza niliona kwamba yule baba alikuwa ameniamini kuliko nilivyojiamini mimi mwenyewe.

Yaya hakuruhusiwa kuja, mke hungoja mlangoni. Akanipa mkeka na shati. Shati lilikuwa jekundu, la mikono mirefu, shemeji alilipenda akalivaa mpaka kola ikachakaa. Papa kuliona tu akafurahi kama amepewa zawadi. "Voilà! Kitambaa chekundu tayari!" Mimi nilitaka kukasirika, lakini yaya akasema sawa, lifungeni nyuma, vifungo vyote vifungwe mpaka shingoni, afunikwe vizuri.

Tulimkuta mzungu uani kwake, kwenye mji mdogo wa pwani, siku ya joto isiyokuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Boti ilikuwa chini ya paa la bati, juu ya trela, kubwa kuliko nilivyodhani. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji. Alianza kutueleza sheria zake na yeye, mnyororo wa usalama, mikanda, taa za kubandika nyuma, kisha akaacha katikati ya sentensi akauliza kama mke wa marehemu anajua kwamba alijaribu kumshika. Nikasema nitamwambia. Halafu akatuambia kitu kingine, kwa sauti ndogo, akitazama pembeni.

"Kila asubuhi naitoa maji. Mvua hainyeshi, paa halivuji. Kila asubuhi kuna maji upande wa kushoto, pale alipokuwa anakaa. Nimeyaonja. Ni ya chumvi."

Papa hakumsikia, akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema tuendeshe polepole.

Nikapanda, nikatandika mkeka upande wa kushoto. Sakafu ilikuwa na unyevu na baridi, siku ambayo bati juu yetu lilikuwa linalia kwa joto. Nikasema, "Shemeji, ni mimi. Tumekuja kukuchukua. Yaya anakungoja." Nikashuka haraka. Papa alifunga shati nyuma kwenye injini, akabana mikanda, akakagua taa, akakagua tena, akatia gari moto. Trela ilipotoka chini ya paa ililalia upande wa kushoto, na ikabaki imelalia.

Basi mimi nikawa na kazi yangu. Kioo cha dirisha chini, kichwa nje, bila kugeuka nyuma: "Shemeji, tunakata kulia. Shemeji, hii ni barabara kubwa. Shemeji, sasa daraja, chini kuna mto, usishtuke." Papa naye na kazi yake, macho mbele, jasho linamtiririka. Nikamwambia asigeuke nyuma hata kidogo. Akasema sheria inamtaka atazame vioo. Tukabishana kama kioo ni kugeuka au si kugeuka. Nikakubali kwamba kioo ni kioo, kwa sababu sikutaka kufa.

Tulisimamishwa karibu na njia inayotoka kwenye mashamba ya miwa. Askari kijana mwenye fimbo ya kupimia, ana haraka, ana hasira za jua. Shati si bendera, alisema, bendera ni bendera, ina vipimo vyake. Vipimo gani? Hakutuambia. Karatasi ya trela akaigeuza mbele nyuma. Kisha akasimama upande wa kushoto akatikisa kichwa.

"Mzigo haujakaa sawa. Mmepakia nini huku?"

"Mkeka," nikasema.

Alipanda kwenye gurudumu akachungulia. Alitazama muda mrefu kidogo kuliko anavyohitaji mtu kuona mkeka. Akashuka, akashika ubavu wa boti kwa mikono miwili akainua, unajua vile mtu anavyopima gunia. Haikuinuka. Akakung'uta viganja, vilikuwa vimelowa.

"Mnajua kwamba mtu haruhusiwi kukaa humu?" alisema, na hasira zote zilikuwa zimemtoka. "Mnajua?"

"Tunajua, mkubwa! Tunajua sana!" papa akajibu, akaapa kwa mkono juu. Yule kijana akatupungia twende, na aliendelea kupunga hata tulipokuwa tumekwishaondoka.

Kuanzia hapo papa aliendesha ameshika usukani kwa mikono miwili. Mimi niliendelea kusema na shemeji. Tulipita kituo ambapo wanawake walikuwa wamekaa kungoja usafiri, wamefungua miavuli ya jua, na tulipowakaribia nikaona wanainuka, mmoja mmoja, wanafunga miavuli na kutazama chini. Mbele kidogo wanaume waliokuwa wakichimba mtaro waliacha makoleo, wakavua kofia. Nilidhani wanatucheka. Si unajua sisi wageni, mtu akikohoa tunasema ametutukana. Nikawasonya kwa nguvu kutoka dirishani, Mungu anisamehe.

Kwenye roboti ya kwanza ya kuingilia mjini tulisimama, nyekundu. Papa alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Nikaona mkono wake unainuka polepole, ukakipindua kile kioo juu, kikawa kinatazama mbingu.

"Umeona nini?"

"Shati inapepea tu."

Nikatazama mti uliokuwa kando ya njia. Hakuna jani lililokuwa linatikisika. Na sisi tulikuwa tumesimama.

Askari wa pili alikuwa peke yake, mtu mzima, mwenye mvi kwenye masharubu, kwenye ukingo wa barabara kuu pale harufu ya kiwanda cha mafuta inapoanza kukushika pua. Alinyoosha mkono bila haraka. Papa alisimamisha, karatasi zote zimeshatoka kwenye nailoni zake kabla gari haijatulia. Mzee yule hakuzitazama. Alizunguka boti polepole. Hakugusa taa, hakuuliza breki. Alisimama nyuma kwenye shati, nasikia hatua zake zimetulia, kisha akarudi kwenye dirisha langu. Kofia alikuwa ameivua, ameishika kifuani.

Akauliza, kwa Kiingereza cha pole, kama mtu anayebisha hodi: "Kuna mtu ndani ya boti?"

Nikafungua mdomo. Nataka ujue kwamba nilifungua mdomo. Lakini papa alikuwa amesubiri swali hilo tangu siku aliyokwenda kwenye dirisha la leseni, na jibu lilimtoka kabla mimi sijavuta pumzi.

"Hapana, mkubwa! Hakuna mtu! Boti iko tupu!"

Yule mzee hakumtazama. Alinitazama mimi. Akauliza tena, taratibu zaidi, kama anayemsaidia mtoto kukumbuka sala: "Hakuna mtu?"

"Hakuna! Naapa mbele ya Mungu, hakuna mtu yeyote!" Papa alikuwa karibu kulia.

Mzee alivuta pumzi. Aliirudisha kofia kichwani, akasogea kando. "Basi nendeni," alisema.

Pikapu iliruka mbele. Siwezi kulieleza vingine. Tangu pwani ilikuwa inavuta kwa kuguna, sasa ikaruka, na nyuma yetu trela ikaanza kudunda na kugongagonga, nyepesi, imenyooka, hailali upande wowote. Sikugeuka. Hakukuwa na haja. Nilimpiga papa begani kwa kiganja, nikampiga tena.

"Umemkana! We baba, umemkana! Ameshuka!"

"Ulitaka niseme nini, mama? Niseme iko mtu? Kwa trafiki? Banatukamata, bananyang'anya gari, mimi narudishwa Congo!"

"Geuza gari!"

"Huwezi kugeuza hapa na trela. Sheria..."

Sitaandika nilichosema kuhusu sheria. Nilikuwa na hasira za kuua, na chini ya hasira kulikuwa na woga, maana ni mimi nitakayesimama mbele ya yaya. Nilimwambia kila kitu yule baba, asigeuke, asiimbe, asizime gari kwenye daraja. Habari ya kukana sikumwambia, kwa kuwa kwetu hakuna mtu mwenye akili anayesimama mbele ya chombo cha msiba na kuuliza kama ndani kuna mtu. Nani angefikiri kwamba serikali itauliza?

Watu wa Albert Park walikuwa wamesimama kando ya njia wanatungoja, wale wale yaya aliowakataza kulia na wengine. Yaya alikuwa mbele ya lango, amejifunga kitenge kiunoni na kitambaa cheupe kichwani, amesimama kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Boti ilisimama mbele yake. Alitazama shati, lilikuwa linaning'inia tu. Akanyoosha mkono akagusa ubavu wa boti, akautazama mkono wake. Mkavu.

"Mmemwacha wapi?" akauliza.

Nilianza kueleza, askari, swali, papa. Hakunisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Alifungua mlango wa pikapu akaingia, akakaa katikati yetu, akamwambia papa, "Nipeleke." Na papa, ambaye machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye usukani, alizungusha ile trela yote katikati ya barabara, palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba usigeuze.

Mzee alikuwa bado yupo. Alikuwa ameliegesha gari lake la kazi mshazari, taa ya buluu inazunguka, na kwenye majani kando ya barabara alikuwa amezipanga zile koni za rangi ya chungwa, duara, kama wanavyofanya mahali palipotokea ajali ili magari yasikanyage. Ndani ya duara hapakuwa na kitu. Yeye mwenyewe alisimama nje yake, hatua kadhaa, amelipa kisogo kwa adabu. Mkononi alikuwa na tawi la miiba, limevunjwa muda si mrefu.

Yaya alimwendea. Hawakuwa na lugha moja, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri.

"Mama," yule mzee alisema, "niliwauliza ili waniambie, niwafungulie njia. Sisi wenyeji wa hapa pia tunawarudisha watu wetu. Tunakwenda mahali alipofia na tawi hili, mlahlankosi, tunazungumza naye njia nzima. Nilimsikia huyu dada yako anazungumza naye. Niliona shati. Mtu wa msiba anasimamishwa, anaulizwa, anasema ndiyo, tunampitisha. Wakasema hapana. Mimi si ndugu yake, siwezi kusema yupo kama wenyewe wamesema hayupo." Akaonyesha koni kwa kidevu. "Lakini alishuka. Nimemwomba angoje. Magari hapa yanakimbia sana."

Nilisimama pale nikaona aibu mpaka masikioni. Wale wanawake na miavuli yao. Wale wachimbaji na kofia zao. Watu walikuwa wanatupa pole njia nzima, na sisi, tulivyokuwa tumejazwa masharti, tuliona kila mtu ni askari.

Yaya alivua kandambili, akaingia ndani ya duara. Nilidhani atabembeleza. Nimesahau kusema kwamba hasira katika ukoo wetu hazikunijia mimi peke yangu.

"Wewe, baba ya batoto," alisema, "hasira gani hizi? Umekaa kando ya barabara kama mtu asiyekuwa na kwake. Huyu wa Lubumbashi hakukukana weye, aliogopa trafiki. Hata weye ulikuwa unaogopa trafiki! Inuka. Twende."

Tulingoja. Malori yalipita, nyasi zikalala na kuinuka. Boti ilikuwa imesimama wima juu ya trela, nyepesi, kavu. Hakuna kilichobadilika, na nikaona shingo ya yaya inapanda na kushuka, lile donge, na nikasema moyoni, basi, huyu naye nimempoteza.

Ndipo akakunja kitenge, akakanyaga gurudumu, akapanda ndani ya boti. Akakaa upande wa kulia. Mkeka wa kushoto akaunyoosha kwa kiganja, akauacha wazi.

"Mama, hapana," papa akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Mtu ndani ya boti... mkubwa, sheria..."

Mzee alimkatiza kwa mkono. "Leo mimi sioni mtu," alisema, akalipitisha tawi juu ya ubavu wa boti, akalilaza kwenye mkeka. "Nyinyi semeni naye. Mimi nitatangulia."

Chuma cha trela kililia. Polepole, kama mtu mzito anayepanda kwa uchovu, boti ikalalia kushoto. Papa alijipiga ishara ya msalaba. Yaya hakugeuka kutazama, alisogeza tu magoti ampishe.

Tukaingia Durban hivyo. Mbele gari la serikali na taa ya buluu, likisimamisha watu kwenye kila roboti, kijani au nyekundu, sisi tunapita. Nyuma yetu mwanamke ameketi ndani ya boti juu ya barabara kavu, anazungumza na mtu. Nilimsikia kupitia dirishani. Alimwonyesha duka ambalo amezoea kununua samaki wakavu. Alimwambia mtoto wa pili ameng'oka jino. Alimwambia mzungu alijaribu kumshika, asimwekee kinyongo. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka chini ya boti, mstari mwembamba kwenye lami, na magari yaliyotufuata yaliukwepa.

Kwenye lango, watu walikuwa kimya. Hata wale wa maneno. Papa alizima gari. Yaya alisimama ndani ya boti, akaweka mkono mmoja hewani, kama unavyomshika kiwiko mtu anayeshuka.

"Shuka," alisema. "Tumefika."

Upande wa kushoto ukainuka. Ukatulia sawa na wa kulia.

Yaya alibaki amesimama, mkono bado uko pale pale hewani, hauna kitu. Aliutazama. Aliutazama muda mrefu, na mimi nikaona uso wake unaelewa, kidogo kidogo, kwamba ameshuka kweli. Akafungua mdomo. Kwanza haikutoka sauti yoyote. Kisha ikatoka, na madirisha yakafunguliwa mpaka gorofa ya juu kabisa, na mwanamke wa kwanza kupanda kwenye boti kumkumbatia alikuwa yule aliyemsema kwamba ana roho ngumu. Tukalia naye. Sasa alikuwa mjane.